Ujumbe Mia kwa Asubuhi Moja: Namna ya Kuchuja Habari za Simu Cyanzarwe

Tarafa ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu, haijawahi kuwa na uhaba wa habari. Inapakana na Kongo, na Goma haiko mbali. Ng'ambo ya mpaka imesimama Nyiragongo, volkano iliyolipuka mwaka 1977, ikalipuka 2002, na tena 2021. Ukishuka unafika Gisenyi na Ziwa Kivu. Mkulima anayetaka kujua bei ya viazi, mama anayevuka kwenda kuuza Goma, mwendesha pikipiki ya abiria, mwanafunzi wa sekondari: simu zao zinapokea Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza kwa mkupuo mmoja, kutoka makundi ya WhatsApp, Facebook, X, tovuti za magazeti na waandishi binafsi wa pande zote mbili za mpaka.

Ndani ya wingi huo, tangazo la mistari minne linaloweza kuokoa nyumba hulala chini ya video za jana. Maswali yafuatayo huulizwa sana na watu wanaotaka kusoma kidogo lakini wapate kilicho muhimu.

Habari iliyosambaa sana si ndiyo muhimu zaidi?

Mara nyingi sivyo. Mitandao hupanga habari kwa kuhesabu kinachohesabika: waliobonyeza, waliopenda, waliotoa maoni, waliosambaza. Wazo hilo lina umri wake. Mwaka 2007 kampuni ya Kanada iliyoitwa AideRSS, baadaye PostRank, ilitengeneza mtambo wa kuipa kila makala alama kulingana na jinsi watu walivyoishughulikia, ili msomaji aliyelemewa na makala mamia aone chache tu za juu. Google iliinunua mwaka 2011. Kipimo cha aina hiyo ndicho leo kinachoamua kwa sehemu kubwa unachokiona kwanza ukifungua Facebook au TikTok.

Kwa mtu anayetafuta burudani, kipimo hicho kinatosha. Kwa mkazi wa tarafa ya mpakani hakifai. Tangazo kwamba kesho maji yatakatwa katika vijiji vitatu halitapendwa na watu elfu kumi, kwa sababu haliwahusu watu elfu kumi. Linakuhusu wewe na jirani zako, basi. Habari yenye manufaa makubwa kwako inaweza kuwa na wasomaji wachache kuliko zote ulizopokea siku hiyo, na mashine ya kuhesabu itaiweka chini kabisa.

Kuna tofauti gani kati ya ujumbe niliotumiwa na chanzo ninachokifuata mwenyewe?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na mfano wake mzuri ulitokea mbele ya macho ya watu wa Rubavu.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Katika saa za mwanzo MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, iliandika kwamba lava haikuonekana kuelekea Goma. Usiku huohuo lava ilifika ukingoni mwa jiji, karibu na uwanja wa ndege, na maelfu ya watu wakavuka kuingia Rwanda. Zikafuata siku za mitetemeko iliyopasua kuta na barabara za Goma na za Gisenyi. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa 10 ya Goma ihamwe. Tarehe 29, watu wakiwa bado wamejaa hofu, serikali ya Kongo ikatangaza kwamba volkano ya pili, Murara, imelipuka ndani ya mbuga ya Virunga. Baada ya muda mfupi tangazo likafutwa: ndege iliyopita juu ya eneo hilo haikuona mlipuko wowote. Moshi ulioonekana ulikuwa wa wachoma makaa.

Sasa fikiria watu wawili wa Cyanzarwe siku hiyo. Wa kwanza amepokea tangazo la Murara kwenye kundi la ukoo, limenakiliwa na kubandikwa na shemeji aliyelitoa kwenye kundi jingine. Wa pili amelisoma kwenye ukurasa wenyewe uliolitoa, ukurasa anaoufuata. Wote wawili wamesoma kosa lilelile. Lakini wa pili atapata na masahihisho, kwa sababu yatatoka mlango uleule. Wa kwanza atabaki na kosa. Ujumbe uliopitishwa mkono kwa mkono hauna njia ya kurudi. Aliyeuandika hajui umefika wapi, na shemeji akisikia kwamba ulikuwa uongo, huenda akaona haya kulirudia kundi.

Kwa hiyo, ukiuliza ni chanzo gani cha kuaminika, usitafute kisichokosea kamwe. Hakipo, na mwezi ule wa Mei hata walio karibu kabisa na mlima walikosea. Tafuta kinachorudi kusema "tulikosea", kisha kifuate moja kwa moja ili neno hilo likufikie.

WhatsApp yenyewe hukusaidia kidogo. Ujumbe uliopita mikono mingi huwekwa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuupeleka kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Mishale miwili si ushahidi wa uongo. Inakuambia tu kwamba unachosoma kimetengana na mwenye nacho.

Nifuate vyanzo vipi?

Vichache, na uvichague siku ambayo hakuna kishindo. Saa ya tetemeko si saa ya kuanza kupima nani ni mkweli. Ningeshauri kuvipanga kwa jambo, si kwa umaarufu wa chombo.

Kuhusu volkano na mitetemeko, aliye karibu kuliko wote ni Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, OVG. Upande wa Rwanda, maelekezo ya nini kifanyike hutolewa na wizara ya maafa, MINEMA, pamoja na viongozi wa wilaya. Kuna jambo la kukumbuka kuhusu OVG. Katika miezi iliyotangulia mlipuko wa 2021, baada ya fedha za Benki ya Dunia kukoma, wataalamu wake walikaa muda mrefu bila intaneti ya kupokelea takwimu za vipimo vyao. Takwimu zilinyamaza, na mlima haukuwa umetulia. Kimya cha chanzo kisichukuliwe kuwa habari njema. Ni kimya tu, na hapo ndipo faida ya kuwa na chanzo cha pili inapoonekana.

Kuhusu mvua, fuata Meteo Rwanda. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliangukia mikoa ya Magharibi na Kaskazini, mto Sebeya ukafurika wilayani Rubavu, na nchi nzima ikapoteza watu zaidi ya 130. Utabiri wa saa 24 zijazo ni maandishi mafupi yasiyovutia, na karibu hakuna anayeusambaza. Upe nafasi ya kwanza kwenye simu yako katika miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba.

Kuhusu magonjwa, fuata RBC, taasisi ya afya ya taifa, na Wizara ya Afya. Namba 114 haina malipo. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa nchini tarehe 27 Septemba 2024, wizara ilikuwa ikitoa hesabu ya wagonjwa, waliopona na waliofariki hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba: wagonjwa 66, vifo 15. Aliyefuata hesabu hiyo aliona namba zikipanda kisha zikitulia. Aliyesoma makundi tu aliona vifo visivyo na idadi wala mwisho.

Kuhusu mpaka, tazama saa kabla hujatazama maneno. Tarehe 1 Agosti 2019, Ebola ilipokuwa imeingia Goma, mpaka ulifungwa kisha ukafunguliwa siku hiyohiyo. Habari ya kufungwa ilikuwa kweli asubuhi na si kweli tena baadaye, bila mtu yeyote kusema uongo. Mama mwenye mboga kichwani anahitaji tangazo la uhamiaji au la wilaya, lenye tarehe na saa, siyo picha ya lango lililofungwa.

Bei za mazao ziko kwenye mfumo wa eSoko wa Wizara ya Kilimo, ingawa kwa maoni yangu simu moja kwa mtu unayemjua aliyeko sokoni asubuhi hiyo ni bora zaidi. Kwa yanayotokea Kongo kuna Radio Okapi, iliyoanza 2002 na inayotangaza pia kwa Kiswahili. Na kwa makala ndefu za vijana wa huko wanaoandika maisha yao wenyewe kuna Habari RDC. Congo Check na PesaCheck huchunguza uvumi uliokwisha kuenea. Vyanzo hivi havikufikii haraka, lakini unapokuwa na mashaka juu ya video fulani, anza kutafuta humo.

Mlisho ni nini, na unachujwaje?

Tovuti nyingi za habari na kurasa za waandishi binafsi hutoa mlisho wa RSS: orodha inayojisasisha yenyewe kila makala mpya inapochapishwa. Unachukua anwani ya mlisho, unaiweka kwenye programu ya kusoma milisho kama Feedly au Inoreader, na kuanzia hapo makala hukujia kwa mpangilio wa wakati, bila mtu kukupangia kipi kitangulie. Kwenye tovuti nyingi zilizojengwa kwa WordPress, ukiongeza neno feed baada ya mkwaju mwishoni mwa anwani utaupata. Google ilipoifunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013 wengi walidhani RSS imekufa. Haijafa. Tena kwa mtu wa bando dogo ni nafuu kubwa: vichwa vya habari hamsini vya maandishi havifikii uzito wa video moja.

Ofisi nyingi za umma, hata hivyo, hutoa matangazo yao kwenye X au kwenye chaneli za WhatsApp. Huko unaweza kuchagua kuona wale unaowafuata tu, kwa mpangilio wa wakati. Chagua hivyo.

Kuchuja kwa maneno ndiko kunakohitaji akili ya mtu wa mahali hapa. Programu itatafuta herufi ulizoiandikia tu, haijui kwamba jambo moja lina majina manne. Ukiweka "volkano" peke yake, utakosa tangazo la Kinyarwanda lenye "ikirunga" na la Kifaransa lenye "volcan". Tetemeko ni "umutingito" na "séisme". Mafuriko ni "umwuzure" na "inondation". Mpaka ni "umupaka" na "frontière". Mji wenyewe una majina mawili: waandishi wengine huandika Gisenyi, wengine Rubavu, na wa Kongo mara nyingi hutaja Goma tu wakimaanisha pande zote mbili. Majina yote yaingie kwenye kichujio.

Kisha utagundua kwamba neno Rubavu linakuletea mpira kuliko kitu kingine chochote, maana Etincelles na Marines zote ni timu za hapa. Kama hushabikii, yaweke majina hayo upande wa yasiyotakiwa. Vivyo hivyo "Virunga" italeta sokwe na watalii. Usikimbilie kuiondoa, ichanganye na "OVG" au "Nyiragongo" ili ibaki inayohusu mlima.

Usikaze kichujio mno. Maneno matano au sita yanatosha, na chanzo kinachotoa matangazo machache kama Meteo Rwanda kisichujwe hata kidogo. Kuchuja kunahitajika pale penye wingi.

Makala ni ndefu na bando ni dogo. Nitajuaje kama inafaa kabla ya kuifungua?

Tazama kama ina tarehe, kama inataja mahali palipo padogo kuliko nchi, na kama inasema imejuaje. Makala inayosema "wataalamu wanaonya" bila kusema wataalamu gani iache.

Ziwa Kivu ni kipimo kizuri. Kila mara ardhi inapotikisika hutokea ujumbe kwamba ziwa litalipuka usiku huo. Hatari yenyewe ni ya kweli: maji ya chini yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana kuliko Kivu, lilitoa gesi iliyoua watu zaidi ya 1,700. Mwandishi anayejua kazi yake atakueleza kwamba gesi nyingi iko chini ya kina cha mita 260 hivi, imebanwa na uzito wa maji, na kwamba kuna wanaoipima mara kwa mara chini ya mpango wa Rwanda wa kufuatilia ziwa hilo. Baada ya kumsoma utakuwa bado na hofu, lakini utajua unaogopa nini na umuulize nani. Mwandishi wa ujumbe wa usiku huo hatataja kina, wala kipimo, wala mpimaji. Atakuambia ukimbie na uwatumie watu ishirini.

Mashine haiwezi kunifanyia kazi hii?

Inaweza kukusaidia kupunguza, si kuamua. Wakenya walilijaribu jambo hili mapema. Tovuti ya Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, ikikusanya taarifa za wananchi kwa simu na barua pepe na kuziweka kwenye ramani. Taarifa zilipozidi, waasisi wake walianzisha SwiftRiver, programu ya kuchuja mito ya ujumbe mfupi, Twitter na milisho kwa pamoja. Ilirahisisha kupanga na kuondoa marudio. Swali la kama jambo limetokea kweli liliendelea kuhitaji mtu.

Huko Tana Delta, baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika ulichukua njia nyingine. Mwanakijiji aliyesikia uvumi aliutuma kwa ujumbe mfupi. Wahudumu wakauliza watu wanaoaminika kwenye kijiji kilichotajwa. Jibu likarudi kwa aliyeuliza na kwa wanaomzunguka. Simu za kawaida zilitosha. Cyanzarwe ina vijiji, na kila kijiji kina isibo zake, kundi la kaya chache zinazojuana. Sioni kwa nini isibo isiwe na mtu mmoja au wawili, wenye subira na simu nzuri, ambao kazi yao ni kufuata vyanzo vitano kwa niaba ya wengine na kujibu: hili limetangazwa, hili halijatangazwa, hili limesahihishwa.

Nikituma habari ambayo si kweli, kuna shida gani?

Sheria ya Rwanda namba 60/2018 ya makosa ya mtandao, kifungu cha 39, inamhusu anayechapisha kwa makusudi uvumi unaoweza kuzua hofu au vurugu, au kumvunjia mtu heshima: kifungo cha miaka 3 hadi 5 na faini ya faranga milioni 1 hadi 3. Sheria inazungumzia anayefanya akijua. Lakini hata asiyejua anaweza kuwafanya wazee wakimbie usiku kwenye baridi ya milimani bila sababu.

Na Rubavu ina sababu yake ya kulichukulia hili kwa uzito. Gazeti la Kangura, lililoanza 1990, lilihaririwa na Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani pamoja na wakuu wawili wa redio RTLM kwa kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Maneno yao yalienea sana na yalipendwa na wengi. Ujumbe wowote unaotaja kabila au taifa la jirani yako na kukuambia umwogope, usiutume popote, hata kwa kuuliza kama ni kweli. Uonyeshe kiongozi wa kijiji au polisi, namba 112.

Mzee asiye na simujanja afanyeje?

Redio bado ni chujio bora kuliko simu nyingi, kwa kuwa mtangazaji amekwisha kuchagua na anajulikana kwa sauti na jina. RC Rubavu ni redio ya jamii na hutangaza yanayohusu wilaya. Kijana wa nyumbani anaweza kumsomea babu matangazo mawili ya asubuhi kabla ya kwenda shule, la mvua na la tarafa, amsomee na tarehe yake.

Chanzo nilichokwisha kukichagua nikiondoe lini?

Kiondoe kikifuta makosa kimyakimya bila kusema. Kiondoe kikibadili mmiliki na kuanza kuuza vipodozi. Kiondoe ukiona miezi miwili imepita na hukufungua hata makala yake moja, maana kinakuzibia vingine. Lakini usikiondoe kwa sababu kinachosha au kwa sababu kimeandika usilopenda kusikia. Na usikiondoe kwa uchache wa maneno yake: Meteo Rwanda ikirudia utabiri uleule wa jua wiki baada ya wiki mwezi Julai, iache palepale ilipo, kwa kuwa mvua za Septemba zikianza hutakuwa na muda wa kuitafuta.